Kabla ya ramani, uliza umeme

Ndugu, unauliza vituo vya kwanza vya chaja za kasi za magari ya umeme viwekwe wapi, katikati ya mji au kando ya barabara kuu. Mimi ningeanza na transfoma. Chaja 4 za kilowati 150 zikifanya kazi kwa pamoja zinadai kilowati 600, na kuvutiwa laini ya umeme ya kutosha huweza kuchukua muda mrefu kuliko ujenzi wenyewe. Pakiwa na umeme, tafuta mahali dereva ana shughuli ya nusu saa. Betri ikipita asilimia 80 kasi hushuka sana, na anayeng'ang'ania kuijaza huziba foleni. Madereva wa teksi wasikilize mapema, maana ndio watakaorudi kila siku. Halafu kebo ziwe ndefu jamani! Tundu la kuchajia la gari hili liko mbele, la lile ubavuni nyuma.