Wasomaji Wanauliza: Kiyoyozi Kinaishiwa Gesi Kila Mara, Tukitengeneze au Tununue Kipya?

SWALI: Asalaam aleikum. Nyumba yetu ipo Mbweni, karibu na pwani. Kiyoyozi cha chumbani ni cha BTU 12,000, kina miaka kumi na kinatumia gesi ya R22. Tangu mwaka jana fundi amekijaza gesi mara tatu na ubaridi haudumu. Sasa anataka kubadilisha kompresa, ile pampu inayosukuma gesi. Mume wangu anasema bora tununue kipya. Tufanyeje?
Mama wa watoto wawili, Mbweni

JIBU: Waaleikum salaam, mama. Mume wako huenda ameona sawa, ila umri peke yake si sababu.

Kiyoyozi hakili gesi. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, ileile miaka nenda miaka rudi. Ikipungua, ipo pahala inapovuja. Kujaza mara tatu bila kutafuta tundu ni kutia maji kwenye pakacha, na pesa hiyo imepotea bure. Fundi alitakiwa aitoe gesi iliyobaki, ajaze naitrojeni kavu hadi kama psi 250, apake povu la sabuni kwenye nati, viungo na koili zote mbili (yale mabomba yenye mapezi, ya ndani na ya nje), kisha aache geji usiku kucha aone kama mshale unashuka.

Ikivuja kwenye nati, kazi ni ndogo. Ikivuja kwenye koili, hapo ndipo uamuzi ulipo. Zimeni swichi kuu, kisha tazameni mashine ya nje: yale mapezi membamba ya alumini yaguseni kwa kidole. Yakimeguka na kuacha unga mweupe, chumvi ya bahari imeshayala. Alumini imegusana na bomba la shaba, na unyevu wa chumvi ukiingia katikati alumini ndiyo huliwa kwanza. Koili ya namna hiyo haitoi joto tena, presha inapanda, na kompresa inachemka mpaka inaungua. Ndiyo maana hatushauri kompresa mpya kwenye koili iliyooza: itakufa kwa maradhi yaleyale.

Tena kuna suala la gesi yenyewe. Chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kimataifa wa kulinda tabaka la ozoni, nchi zinazoendelea, Tanzania ikiwemo, zilitakiwa zipunguze gesi za kundi la R22 kwa asilimia 67.5 ifikapo 2025, na kuanzia 2030 ibaki kiasi kidogo tu cha kuhudumia mashine za zamani. Msikubali kuwekewa R410A badala yake. Presha yake ni kama mara moja na nusu ya ile ya R22, na mafuta ya kompresa hayapatani nayo. Na tunaomba sana, mtu asijaze gesi ya kupikia. Inapoza kweli, lakini ikivuja chumbani watoto wamelala, cheche moja tu inatosha kuwasha moto.

Kwa hiyo: tundu likiwa kwenye nati na mapezi yakiwa mazima, tengenezeni. Koili ikiwa imeoza, au gharama ya matengenezo ikivuka nusu ya bei ya mashine mpya, nunueni.

Mkinunua, chagueni ya inveta (inayopunguza kasi ya kompresa badala ya kuizima na kuiwasha) yenye gesi ya R32 na koili iliyopakwa kinga ya chumvi. Mabomba yawe mapya, kwani ya zamani yamebaki na mafuta ya R22, na mara nyingi hata kipimo chake ni tofauti. Fundi asifungue gesi kabla ya kunyonya hewa na unyevu kwa pampu yake hadi maikroni 500, kipimo cha utupu ndani ya mabomba. Wengi huruka hatua hii, na unyevu uliobaki huharibu mafuta ya kompresa. Mashine ya nje iwekeni upande usiopigwa na upepo wa baharini, na kila mwezi imwagieni maji baridi ya mfereji kwa mpira, bila presha kubwa. Tofauti ya umeme mtaiona wenyewe: andikeni yuniti za mita ya umeme ya TUKUZA jioni na asubuhi, kabla na baada ya kubadilisha.

SWALI: Kiyoyozi changu kina miaka minne. Umeme ulikatika, uliporudi feni ya nje ikawa inazunguka lakini hakuna ubaridi. Kompresa inanguruma kidogo, inakatika, baada ya muda inajaribu tena. Nimeambiwa imekufa.
Msomaji, Wete

JIBU: Usikitupe. Dalili hizo kwanza ni za kapasita, kile kifaa kinachoipa kompresa nguvu ya kuanza. Ubavuni mwake imeandikwa namba, tuseme mikrofaradi 35. Kipimo kikisoma chini ya 32 imechoka, na ikiwa imevimba kichwani huna haja ya kupima. Ni kifaa cha bei ndogo. Mwachie fundi aifungue, kwani hubaki na umeme hata swichi ikizimwa.

Kapasita ikiwa nzima, fundi apime kati ya vichwa vya nyaya vya kompresa na ganda lake la chuma: umeme ukipita hadi kwenye ganda, hapo kweli kompresa imeungua. Apime pia volti wakati inapojaribu kuwaka. Umeme ukiwa chini ya volti 200, kompresa inaweza kukosa nguvu ya kuanza hata ikiwa mpya. Funga kifaa cha kulinda volti chenye kuchelewesha dakika 3 hadi 5 baada ya umeme kurudi, ili presha ya pande mbili ilingane kabla kompresa haijaanza.