Oksijeni ya Mtoto Mwenye Selimundu

SWALI: Daktari, mwanangu wa miaka 9 ana ugonjwa wa damu wa selimundu (sickle cell). Tangu tuhamie Nairobi kutoka Kisumu, kifaa cha kupima oksijeni kidoleni huonyesha asilimia 91 au 92, ilhali anakula na kucheza vizuri. Jirani ananihimiza nimkimbize hospitalini. Nifanyeje? – Mama wa Umoja, Nairobi

JIBU: Mama, kipimo hicho peke yake hakithibitishi hatari, wala hakitoshi kukutuliza. Nairobi imeinuka takribani mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, Kisumu mita 1,100 hivi, na kadiri mtu anavyopanda ndivyo msukumo wa hewa unavyopungua, hata oksijeni inayoingia damuni ikashuka kidogo. Zaidi ya hayo, himoglobini (sehemu ya damu inayobeba oksijeni) ya mwenye selimundu huiachia oksijeni upesi kuliko ya wengine, kwa hiyo kipimo chake huweza kuwa chini hata siku ambazo hana tatizo lolote.

Ndiyo maana kiwango chake cha kawaida, kilichopimwa kliniki akiwa mzima na kuandikwa kwenye kadi yake, kina maana kuliko kiwango cha watoto wengine. Mpeleke wiki hii, ukibeba kifaa chako kilinganishwe na cha kliniki. Vya bei nafuu mimi siviamini sana, na vyote hukosea mikono ikiwa baridi, kama asubuhi za Julai, au kucha zikiwa zimepakwa rangi. Mweleze daktari pia kama anakoroma, kwa kuwa mafindofindo yaliyovimba huziba pumzi usingizini, na kama kifua humsumbua mara kwa mara.

Usisubiri kliniki kipimo kikishuka kwa alama 3 au zaidi chini ya kawaida yake, kikifika chini ya 90, au akipata homa, maumivu ya kifua, kikohozi au kupumua kwa haraka, hata kama namba haijabadilika. Dalili hizo huweza kuwa mwanzo wa shambulio la kifua la selimundu, ambalo huua lisipotibiwa mapema.

Kumbuka pia kwamba kifaa hupima sehemu ya himoglobini iliyobeba oksijeni, si wingi wa damu. Mtoto aliyeishiwa damu ghafla, labda kwa sababu wengu umevimba, huweza kuonyesha 97. Akilegea, viganja vikapauka au tumbo likavimba upande wa kushoto, mpeleke hospitalini mara moja.