Utumbo kuwa umio: inawezekana

Pole sana dada. Umeuliza kama kweli utumbo unaweza kushika nafasi ya umio (njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni) wa mwanao, ulioziba baada ya kunywa soda kali ya kutengenezea sabuni. Ndiyo, unaweza. Daktari wa upasuaji huchukua kipande cha utumbo mpana kikiwa bado na mishipa yake ya damu, hukipitisha mara nyingi nyuma ya mfupa wa kidari, kisha hukiunga juu shingoni na chini kwenye mfuko wa chakula.

Ila uliza kwanza: ameshatanuliwa umio? Hiyo ndiyo huanza. Upasuaji huja ikishindikana, tena baada ya miezi kadhaa, kovu likishatulia. Kwa sasa pambania lishe yake kupitia mpira wa tumboni, maana mtoto aliyedhoofika huchelewa kupona.

Maungio ya shingoni yanaweza kuvuja. Mara nyingi hujifunga yenyewe. Utumbo hausukumi chakula kama umio, kwa hiyo ale ameketi na asilale papo hapo. Na kliniki msiiache hata akiwa mtu mzima: umio wa zamani ukiachwa kifuani, kovu lake linaweza kuzaa saratani miaka mingi baadaye.