Maswali na majibu: kisanduku cha barua pepe kinapojaa

Wasomaji kadhaa wa Lubumbashi na Kasumbalesa wametuandikia kuhusu barua pepe za zamani zinazowamalizia nafasi. Tunajibu maswali matano.

Mimi ni katibu wa shule moja ya Katuba. Gmail inanionya kwamba nafasi imekwisha. Nimeshinda kutwa nikifuta barua za matangazo, lakini onyo halijaondoka. Kwa nini?

Mama Katibu, matangazo uliyoyafuta ni mepesi, na mizigo mizito bado imekaa. Google humpa kila mwenye akaunti ya bure gigabaiti 15, nazo si za barua peke yake, kwa sababu Gmail, Google Drive na Google Photos zinagawana nafasi hiyo hiyo. Barua ya maneno matupu ina uzito mdogo sana. Tuchukue kwamba moja ina kilobaiti 50: barua 1,000 za namna hiyo hazizidi megabaiti 50, kiasi ambacho hati tatu au nne za skana, kama zile orodha za matokeo ya wanafunzi, hukifikia bila shida. Isitoshe, kiambatisho kinaposafiri ndani ya barua pepe hugeuzwa kuwa maandishi kwa mfumo uitwao Base64, na hapo huongezeka uzito kwa theluthi moja hivi, hata faili ya megabaiti 15 ikafanya barua inayoibeba iwe na karibu megabaiti 20. Na kila mara unapobonyeza "Transférer" ili kuwapelekea wengine hati ile ile, nakala nyingine nzima inabaki katika barua ulizotuma.

Fanya kazi hii kwenye kompyuta, si kwenye simu. Katika sehemu ya kutafutia andika has:attachment larger:10M, nawe utaletewa barua zenye viambatisho zinazozidi megabaiti 10. Ukitaka zilizopita miaka 3 tu, ongeza older_than:3y. Ukitia alama katika kisanduku kidogo kilicho juu ya orodha, zinachaguliwa zile tu zinazoonekana katika ukurasa huo, kwa kawaida 50. Kuna mstari mdogo unaojitokeza hapo juu, ambao wengi hawauoni, unaokuruhusu kuchagua zote zinazolingana na ulichotafuta. Kumbuka pia kwamba kwa kawaida Gmail hupanga barua kwa mazungumzo, kwa hiyo ukifuta kutoka kwenye orodha unafuta pamoja na majibu yote, hata lile la mkaguzi ulilotaka kulitunza. Mwishowe fungua "Corbeille" uondoe yote yaliyomo. Barua zilizofutwa hukaa humo siku 30, na katika muda huo bado zinahesabiwa katika nafasi yako. Tunadhani hapo ndipo onyo lako lilipong'ang'ania.

Je, kubonyeza "Archiver" kunapunguza nafasi iliyotumika? Mwanafunzi, Ruashi.

Hakupunguzi hata baiti moja. Barua inaondoka tu mbele ya macho yako na kukaa katika "Tous les messages" na uzito wake ule ule. Ni njia nzuri ya kupanga kazi, lakini haisaidii kwa jambo unaloliuliza.

Mimi ni wakala wa forodha Kasumbalesa. Nina barua za wateja za miaka mingi, zenye ankara na hati za mizigo. Siwezi kuzitupa, na nafasi imebaki kidogo. Nizipeleke wapi?

Ndugu, una haki ya kusita. Sheria za OHADA, umoja wa nchi za Afrika zenye sheria moja za biashara, ambazo Kongo inazifuata tangu 2012, zinataka vitabu vya hesabu na hati zinazovithibitisha vitunzwe kwa miaka 10, na ankara zako zimo. Kwa hiyo utangulize nakala, ndipo ufute.

Anza kwa kuzipa barua lebo kwa mwaka. Andika katika utafutaji after:2019/01/01 before:2020/01/01, chagua zote, kisha zipe lebo "2019". Baadaye nenda kwenye huduma ya Google Takeout, ondoa alama kwenye vitu vyote isipokuwa barua, na ndani ya barua chagua lebo hiyo peke yake. Google itakuandalia faili ya aina ya MBOX, yaani faili moja inayobeba barua nyingi pamoja, na kukutumia kiungo cha kuipakua, ambacho hufanya kazi kwa muda wa siku 7 hivi. Tunasisitiza mwaka mmoja mmoja kwa sababu umeme wa SNEL haumuulizi mtu amefika wapi: ukikatika katikati ya faili kubwa ya miaka yote, huenda ukaanza upya, lakini ukikatika katika mwaka 2019 unarudia 2019 tu.

Ukishapakua, usiamini kwamba faili ni nzima kwa sababu tu unaliona jina lake. Weka programu ya bure ya Thunderbird pamoja na kiongezo chake ImportExportTools NG, ingiza faili ndani ya "Dossiers locaux", kisha fungua ankara chache za mwanzo wa mwaka, za katikati na za mwisho. Zikifunguka, nakili faili kwenye diski mbili, moja ikae ofisini na nyingine nyumbani. Flashi nyingi huuzwa zikiwa katika mfumo wa FAT32, ambao haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4, hata kama flashi yenyewe ni ya gigabaiti 64 na ni tupu. Ibadilishe kuwa exFAT, mfumo usio na kikomo hicho, kabla ya kuweka kitu, kwa maana kubadilisha huko hufuta kilichomo.

Nina kisanduku cha Yahoo ambacho sijakifungua muda mrefu, nacho kina barua za marehemu ndugu yangu. Zitanisubiri? Mzee wa Kamalondo.

Baba, tafadhali kifungue leo. Yahoo huweza kufuta yaliyomo katika kisanduku ambacho mwenyewe hajaingia kwa miezi 12, na yakishafutwa hayarudishwi. Google hungoja miaka 2. Ukifanikiwa kuingia, barua hizo za ndugu yako zichapishe kwenye karatasi au uzihifadhi kama PDF siku hiyo hiyo, bila kungoja mpango mkubwa wa kupanga kisanduku chote.

Ninatumia mega za simu tu. Usafi huu hautanimalizia forfait?

Kufuta hakuli mega nyingi, kwa kuwa barua zinafutwa kule kwenye seva, na kinachosafiri hadi kwako ni orodha tu. Kinachokula ni kufungua viambatisho kimoja kimoja ili kuvitazama kabla ya kuvifuta. Soma jina la faili, mtumaji na tarehe, inatosha mara nyingi. Kupakua nakala ndiko kunakogharimu kweli, kwa hiyo kazi hiyo iache hadi utakapopata Wi-Fi ya kazini au ya rafiki. Ukilazimika kutumia kompyuta ya sibakafe, toka kwenye akaunti yako kabla ya kuinuka, na faili uliyoipakua uifute pale pale.