Nain: kijiji cha watu wanaotegemeana
Ndugu, umeuliza kama Wainuit, wenyeji wa asili wa maeneo ya baridi ya kaskazini, wanaoishi Nain, kwenye pwani ya Labrador nchini Kanada, hujifungia tu ndani kwa sababu ya baridi. La hasha. Kijiji hicho hakina barabara ya kukiunganisha na miji mingine, hivyo watu hutegemeana sana: mwindaji anaporudi na nyama au samaki, sehemu huwekwa katika friza ya jamii, na mzee asiyeweza tena kwenda kuwinda hupata kitoweo chake bila kulipa. Hilo hunigusa mno. Misheni ya Wamoraviani, kanisa lile lile lililofika Rungwe, Tanzania, mwaka 1891, ilianzishwa hapo mwaka 1771, na matarumbeta ya kanisani hupulizwa na wanakijiji wenyewe. Tangu mwaka 2005 Wainuit wa Labrador wana serikali yao ya ndani, Nunatsiavut.