Ukiunda chombo cha upelelezi, anza na kinachokishinda

Watu wanaoniomba ushauri kuhusu chombo cha kijeshi cha gemu yao ya kuigiza karibu wote hunitumia orodha ya nguvu. Kinakwenda juu ya maji na nchi kavu, kina mizinga miwili, kina ngao ya miale, rada haikioni. Nasoma kwa furaha kwa sababu naona hamu ya mtu, kisha namuuliza swali moja tu: kinashindwa wapi? Mara nyingi jibu halipo. Nimesimamia gemu hizi hapa Tanga kwa miaka, mezani, kwa karatasi na dadu, kila mchezaji akiwa mhusika ndani ya kisa, na sijaona mchezaji anayekumbuka chombo kwa kasi yake. Wanakumbuka usiku kilipogoma kupanda ukingo wa mto huku adui akiwa nyuma yao.

Chombo cha meza yetu tumekiita Kitwitwi, jina la yule ndege mdogo anayekimbiakimbia ufukweni maji yakipwa. Ni hovakrafti, yaani chombo kinachoelea juu ya hewa, ya doria ya mwaka 2190, yenye watu watatu: nahodha, mpelelezi na fundi. Mwaka ni wa mbali, lakini fizikia yake ni ya leo, na ninakushauri ufanye vivyo hivyo. Ukisema kinaelea kwa nguvu fulani inayopinga uvutano wa dunia, umemaliza. Hakuna tena swali ambalo mchezaji anaweza kuuliza. Ukisema kinaelea juu ya hewa iliyofungiwa chini yake, kila kitu kinaanza kuwa na sababu.

Jambo lenyewe halina uchawi. Mwingereza Christopher Cockerell alilijaribu katika miaka ya 1950 kwa makopo mawili, moja ndani ya jingine, akipuliza hewa ipite katika nafasi iliyo kati yao. Julai 1959 chombo cha SR.N1 kilivuka bahari kutoka Calais hadi Dover. Baadaye vyombo hivi vikavishwa sketi ya mpira kuzunguka ukingo wa chini, hewa isitoroke ovyo, na hapo vikaweza kupita juu ya mawimbi na vizuizi ambavyo awali vingevikwamisha.

Sasa piga hesabu, maana hesabu hii ndiyo inayofanya wachezaji waamini. Chukua chombo cha tani 4 chenye sakafu ya mita za mraba 20. Uzito wake unaigawanyikia ardhi kilo 200 kwa kila mita ya mraba. Mtu wa kilo 70 aliyesimama kwa nyayo zake anaikandamiza ardhi mara kadhaa zaidi ya hapo. Kwa hiyo kwenye lile tope la mikokoni ambako mguu unazama hadi gotini na ukichomoka kiatu kinabaki, Kitwitwi kinateleza juu bila kuzama. Wachezaji wa Tanga huhitaji maelezo machache sana hapo. Wengi wetu tumewahi kulikanyaga tope hilo.

Faida hiyo ina bei yake, na bei ndiyo mchezo. Chombo kisichogusa chini hakina cha kushikilia. Hakina breki za maana. Kukisimamisha ni kugeuza nguvu ya feni au kukishusha kikae. Kona yake ni pana na huserereka ubavu. Mlima kidogo tu unakirudisha nyuma. Sketi inachanika kwenye miamba ya matumbawe na visiki. Feni zinarusha maji na mchanga hadi nahodha haoni mbele, na chumvi inakula injini taratibu, kwa hiyo fundi wako ana kazi hata siku isiyo na risasi. Marekani ilipeleka hovakrafti za doria Vietnam kuanzia 1966. Kwenye mabwawa zilipita ambako boti hazikupita, lakini zilikuwa na kelele nyingi na matengenezo yake yalikuwa ghali. Ukitaka chombo cha kubuni kinachonuka ukweli, chukua hizo kasoro zote.

Upepo ndio ninaoupenda kuliko zote. Hapa kwetu mwaka una pepo mbili kubwa: kaskazi, kuanzia kama Desemba hadi Machi, na kusi, inayotawala kuanzia kama Aprili hadi Septemba. Kabla ya kuanza kisa chochote, waambie wachezaji ni msimu gani. Kanuni yetu ni nyepesi. Nahodha akitaka kugeuka kwa kasi anarusha dadu mbili za kawaida, zile za ludo zinazopatikana dukani, na akipata saba au zaidi amefaulu. Upepo ukimjia ubavuni anapunguza mbili. Basi, hakuna jedwali. Usimwache mtu akwambie huwezi kuendesha gemu hizi bila dadu za pande ishirini zilizoagizwa nje.

Kelele nazo zihesabu. Kila raundi ambayo feni zinazunguka kwa nguvu zote, weka kokoto moja mezani. Kokoto zikifika sita, adui anajua mko upande gani. Lakini hovakrafti ina mwili unaoelea; ikizimwa juu ya maji inakaa kama boti. Hilo linawapa wachezaji ujanja mzuri kuliko ngao yoyote ya miale: wanazima kila kitu nje ya Raskazone, ile rasi ya Tanga, wanaacha maji kujaa yawasukume ndani ya ghuba gizani, na kila raundi ya ukimya inaondoa kokoto moja. Ila wakiwa wamezima hawana usukani. Nimeona meza nzima ikinong'ona bila kuambiwa.

Na maji, jamani, msiyasahau. Bamvua, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, tofauti ya kupwa na kujaa katika pwani hii hupita mita tatu. Kati ya kupwa na kujaa ni kama saa sita, na kila siku inachelewa kwa karibu dakika hamsini. Maji yakipwa, boti za adui zimekaa kwenye mchanga, na Kitwitwi kina uwanja mpana wa kukimbilia kuelekea mdomo wa Mto Sigi. Yakijaa, uwanja umepotea na mikoko imebaki ukuta, maana kuteleza juu ya tope si kupenya katikati ya miti. Mchezaji wetu mmoja ni mvuvi wa Sahare, na tangu tuingize maji kwenye gemu yeye ndiye anayepanga safari, wengine wanamfuata. Tafuta mtu wa namna hiyo kwenye meza yako na umpe nafasi.

Silaha sitakaa nazo sana. Bunduki moja ya rashasha, risasi chache. Ukiwapa mzinga watapigana, na kazi ya mpelelezi ni kurudi na habari.

Uzito wa habari hizo uko kwenye historia ya mji huu huu. Novemba 1914 Waingereza walifika na jeshi la watu wapatao 8,000, wengi wao kutoka India. Tarehe 2 mji ulikuwa na walinzi wachache mno. Waingereza hawakuupeleleza ipasavyo, usiku huo wakaanza kuteremsha askari Raskazone, na wakati huohuo von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani walioutawala mji, alikuwa akileta askari wake kwa treni kwa reli ya Usambara. Shambulio kubwa lilipokuja tarehe 4, watetezi wapatao 1,000 walikuwa tayari wamejipanga. Nyuki nao wakavamia katikati ya mapigano. Tarehe 5 Waingereza walikuwa wameondoka, wakaacha bunduki na risasi nyingi nyuma yao.

Mimi nimekichukua kisa hicho nikakipeleka 2190. Meli za jeshi ziko mbali na pwani, kamanda anataka kujua jambo moja: mjini kuna askari wangapi, na wangapi wako njiani? Kitwitwi kina usiku mmoja. Kikienda karibu na stesheni kitaona treni lakini kitasikika. Kikijificha nyuma ya kisiwa cha Toten kitakuwa salama, ila kitaona bandari tu.

Namna ya kuamua matokeo ni hii. Mpe mpelelezi karatasi tupu na penseli tangu mwanzo, achore alichokiona tu, msimamizi usimsaidie. Wakirudi, chukua karatasi hiyo, weka ramani yako pembeni, na umfanye kamanda aamue kwa kuangalia mchoro peke yake. Kama reli haikuchorwa, kwa kamanda reli haipo. Soma uamuzi wake kwa sauti, kisha endelea na raundi inayofuata bila kuwarekebishia kitu.