Kizuri cha mtandaoni kisimulie, usikirushe tu

Baraza letu liko Ngamiani, Tanga. Baada ya magharibi muuza kahawa huja akigonga vikombe vyake, na mlio huo pekee hututosha kujua kahawa imefika. Jioni moja niliwasimulia wenzangu habari ya birika la Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza. Watafiti wa kompyuta pale walichoka kupanda na kushuka ngazi kufuata kahawa, kisha wakakuta birika tupu. Mwaka 1991 wakalitegea kamera, kila mtu akawa analichungulia kwenye kompyuta yake kabla hajainuka. Mwaka 1993 picha ikaingia kwenye wavuti, na watu wa nchi za mbali wakaanza kulitazama birika ambalo kahawa yake hawatainywa kamwe. Kamera ilizimwa 2001, mashine yenyewe ikauzwa mnadani kwa pauni 3,350.

Mzee mmoja alicheka mpaka akaweka kikombe chini. "Wangekuwa na muuza kahawa wa kugonga vikombe, kamera ya nini?" Maongezi yakaendelea mpaka adhana ya isha.

Habari hiyohiyo nilikuwa nimeirusha kwenye grupu la WhatsApp wiki moja nyuma, linki tupu, bila neno. Hakuna aliyejibu. Watu walewale!

Tangu siku ile sitoi linki peke yake. Naandika sentensi mbili tatu: kitu chenyewe ni nini, nimekipata wapi, na kimenikumbusha nini cha kwetu. Kama ni video nataja urefu wake, maana wengi wananunua bando la siku na si haki kuwamalizia MB kwa jambo wasilolijua. Ukipata vitu kumi, toa kimoja, vingine viweke akiba. Ukivimwaga vyote kwa mpigo hata kile bora hakitafunguliwa.

Lakini jambo ninalokusihi zaidi ni asili ya kitu. Niliwahi kuletewa picha ya samaki mkubwa wa ajabu, chini imeandikwa "Amevuliwa Tanga leo." Kwa kuwa ni kwetu, nikaisambaza palepale. Haikupita saa, mjomba wangu, mvuvi wa Sahare, akanipigia. Nikamwamkia.

"Marahaba. Ile picha umeiona kwa macho yako au umeletewa?"

"Nimeletewa, mjomba."

"Hebu watazame wale watu. Wamevaa makoti mazito ya baridi. Nani anavaa vile bahari yetu hii?"

Nikaikuza picha. Kweli, makoti mpaka shingoni. Nikaipitisha kwenye Google Lens, nikakuta imezunguka mtandaoni miaka mingi, na wala si ya nchi hii. Nikarudi kwenye grupu lilelile nikaandika kwamba nimekosea, nikaomba radhi. Kuifuta kimyakimya kusingetosha, kwa sababu wengine walishaipeleka mbele. Sasa kila picha naitafutia chimbuko kwanza. Inachukua dakika moja au mbili, na nisipolipata chimbuko, siitoi.

Katika kutafuta kule ndipo nilipokutana na silikanti, na huyu ni wetu kweli. Wanasayansi waliamini samaki huyu alitoweka zaidi ya miaka milioni 60 iliyopita, mpaka mwaka 1938 Marjorie Courtenay-Latimer, mtunzaji wa makumbusho ya East London, Afrika Kusini, alipomwona kwenye rundo la samaki walioletwa na meli ya uvuvi. Kuanzia 2003 wavuvi wa Tanzania, hasa wa Tanga, wakawa wanamnasa kwenye jarife, zile nyavu za papa zinazotegwa kwenye kina kirefu. Mwaka 2009 ikaanzishwa Hifadhi ya Bahari ya Silikanti Tanga. Uongo wa makoti mazito haufiki hata robo ya utamu wa habari hii.

Nilikwenda Sahare nikamsomea mjomba yote, naye akanyamaza akitazama ile picha ya silikanti, mapezi yake manene kama vikono. Kisha akavuta kigoda, akaanza kunieleza jarife linavyoshushwa na namna mkono unavyojua kuna kitu kizito kabla jicho halijaona. Nikamwomba ruhusa niyaandike maneno yake. Akakubali. Niliyaweka chini ya picha, pamoja na jina la aliyeipiga, ndipo nikaituma kwenye grupu.